Verna Tackett na Dume la Mteremkoni

Ukitaka kumkasirisha Verna Tackett, mwambie bata mzinga ni kuku mkubwa tu. Atakuangalia kuanzia kofia mpaka viatu, halafu atakuuliza kwenu ni wapi. Maana sisi wa vilima hivi vya Ozark, kusini mwa Missouri, tunajua kwamba ndege huyo anaona kope ya mtu ikipepesa kutoka ng'ambo ya shamba. Kumpata kwa bunduki si kazi ndogo. Kumwendea kwa upinde ni kujitafutia aibu, na Verna alikuwa akiitafuta kwa hiari yake kila majira ya kuchipua, tena mama wa miaka sitini na ushee, mpishi wa shule yetu, bega moja limeshafanyiwa upasuaji kwa sababu ya kunyanyua masufuria.

Kwa nini asichukue bunduki kama watu wengine? Kwa sababu ya farasi. Shamba alilozaliwa liliuzwa baba yake alipougua, na aliyelinunua, Bwana Lyle Brandstetter, anafuga farasi majike wa kuzaa. Farasi mwenye mimba akishtushwa na mlio wa bunduki anaweza kujirusha kwenye seng'enge akajiumiza yeye na kilichomo tumboni. Basi mzee Lyle alipohamia tu akapiga marufuku bunduki, na wawindaji wote wakanuna wakaenda zao. Verna peke yake ndiye aliyerudi getini akauliza, "Na upinde je?" Mzee akajikuna shingo, akasema upinde haumsumbui mtu.

Hivyo ndivyo Verna alivyoendelea kuupanda mteremko ule ule aliokuwa akiupanda na baba yake tangu msichana. Bata mzinga wanalala juu ya miti ya mialoni iliyo kileleni, na asubuhi wanashukia malishoni. Baba yake alimfundisha kuwaita kwa mdomo mtupu, bila filimbi wala kibao cha kukwaruza, na hapo mlimani ndipo sauti hiyo ilipotoka vizuri. Mahali pengine anaita tu. Pale anazungumza nao.

Sasa, msimu wa mwaka juzi aliharibu.

Dume lilimjia karibu, limejitutumua, mkia umetandazwa, limempa ubavu. Verna akalenga kama sisi sote tulivyofundishwa na baba zetu kulenga kulungu: nyuma kidogo ya bega, chini kidogo ya katikati. Mshale ukapita. Manyoya yakaruka juu kana kwamba mto umepasuka. Dume nalo likaruka, likavuka kijito, likaingia msituni, na Verna akatafuta mpaka magoti yakagoma. Siku tatu baadaye mbwa wa Bwana Lyle alilikuta nyuma ya banda la kuzalia farasi, bado linapumua, linaburuta bawa. Mzee alilimaliza mwenyewe kwa mikono yake. Jioni akaja kwa Verna, akabisha mlango wa jikoni, akavua kofia.

"Bi Verna, mimi si mtu wa kugombana na majirani," alisema. "Lakini ile kazi niliyoifanya leo sitaki kuifanya tena."

"Najua, Bwana Lyle. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ila nakwambia mapema tusije tukalaumiana. Ndege mwingine akienda kufia vichakani na jeraha lako, geti nalifunga. Kwako na kwa kila mtu."

Verna akamwambia ni haki. Mzee alipoondoka, akaingia stoo ya chakula, akafunga mlango, akalia. Hakulilia geti peke yake. Alimwonea huruma yule ndege, na alijionea haya, kwa sababu baba yake hakuwahi kumwacha mnyama ateseke hata mara moja.

Mwaka uliofuata hakwenda kabisa. Alisema bega linauma. Hollis, mumewe, mpiga plasta mstaafu na mtu asiyeweza kunyamaza hata kanisani, alimwacha mwaka mzima, halafu uvumilivu ukamwisha.

"Mama, au tuuze huo upinde tununue ndege wa dukani? Wanakuja wameshanyonyolewa, hawana lawama."

"Uza mdomo wako kwanza," Verna akamjibu. "Utapata mnunuzi kwa uzito." Na kesho yake akaenda mjini dukani kwa Odell Crump kutazama vigumba.

Kigumba, kile kichwa cha chuma kinachokaa mbele ya mshale, ndicho kinachokata, na wanaume wa kwetu wanaweza kukibishania mpaka chakula kipoe. Odell alimtolea mezani kwake cha kwanza, kitu cha ajabu chenye nyembe nne ndefu zilizotawanyika kama mapanga ya feni.

"Hiki ni cha shingo," akasema Odell. "Hakijeruhi. Ama kichwa kinaanguka, ama umekosa kabisa na ndege anakwenda zake mzima. Kwa yale masharti ya mzee Lyle, dada yangu, hiki ndicho."

Maneno yalikuwa matamu, na Verna akakipeleka nyumbani. Akaning'iniza chupa ya plastiki kwenye kamba ya kuanikia nguo, akarudi nyuma, akapiga. Upinde wake ni ule wa kisasa wenye magurudumu madogo kwenye ncha, lakini umelegezwa kwa ajili ya bega, hauna nguvu ya upinde wa kijana. Zile nyembe ndefu zikashika upepo, mshale ukayumba ukaenda kukata kamba. Mashuka ya Hollis yakaanguka kwenye matope. Akajaribu tena na tena, na chupa ikaendelea kuning'inia salama. Halafu akakumbuka kwamba shingo ya bata mzinga haitulii hata kama chupa, akakirudisha kigumba kwa Odell kikiwa na udongo.

Cha pili kilikuwa cha Hollis, naye alikisifia kama mtu anayeozesha binti. Kile kinaruka kikiwa kimejikunja, kikigusa nyama nyembe zinafunguka na kukata tundu la kuingiza mayai mawili. Verna hakubisha. Alichukua mto mkuukuu wa manyoya, nyuma yake akafunga kipande cha zulia lililolowa, akapiga. Nyembe zilifunguka vizuri sana, kisha mshale ukasimama palepale, nusu ya kigumba bado iko nje.

"Kimefunguka," Hollis akasema.

"Kimefunguka ndiyo, na nguvu zangu zote zimeishia kwenye kukifungua. Kwa mikono yako ni dawa, mzee. Kwa mikono yangu ni kumtekenya ndege."

Akabakia na kile kilichomtia aibu. Kile cha mwaka juzi kilikuwa chembamba cha kulungu, cha nyembe tatu fupi. Akakiweka pembeni, akachagua cha kizamani kabisa: bapa moja pana lenye makali pande mbili, halina cha kukunjuka wala kufunguka, la kuingia tu na kukata njia yote. Odell alikuwa nalo chini ya kabati, halijaulizwa muda mrefu. Verna akalinoa mwenyewe kwa jiwe lile analonolea visu vya shule, jioni baada ya jioni, mpaka likanyoa vinyweleo vya mkono wa Hollis bila ya Hollis kuombwa ruhusa.

Sasa pa kupiga. Hapa ndipo nilipompenda huyu mama, kwa sababu wengine wetu tungeridhika na kigumba kikali tukaenda zetu kuomba Mungu.

Msimu ulipofunguliwa, Hollis aliua dume la kwanza kwa bunduki, kwenye ardhi ya shemeji yake. Akaja nalo nyumbani akiimba, akawaza nyama ya kifua iliyokaangwa kwa unga na siagi, mikate midogo ya moto na mchuzi mzito pembeni. Verna akamnyang'anya mlangoni.

"Hanyonyolewi mtu hapa," akasema.

Akatandika magazeti mezani, akamsimamisha ndege juu yake na manyoya yake yote, akamwegemeza kwenye mtungi wa unga. Akaleta sindano zake ndefu za kufumia sweta. Akachoma moja pale alipolenga mwaka juzi, nyuma ya bega, chini ya katikati. Akachoma nyingine kutokea mbele, juu kidogo ya zile ndevu zinazoning'inia kifuani. Akachoma ya nyuma, chini ya mkia. Akachoma ya ubavuni, pale shina la bawa linapoungana na mwili. Hollis alisimama na kikombe chake cha kahawa akitazama mlo wake ukigeuzwa kimto cha pini cha fundi cherehani.

"Mama, huyo ameshakufa. Nathibitisha mimi."

"Nyamaza ushike taa."

Kisha akampasua taratibu, bila kuzichomoa sindano, ili aone kila moja imepita wapi. Ile ya mwaka juzi ilikuwa imepita kwenye matumbo na ncha ya nyama ya kifua. Moyo haikuukaribia. Moyo na mapafu vilikuwa juu zaidi na mbele zaidi, vimebanana chini ya uti wa mgongo, vyote kwa pamoja havizidi chungwa. Na lile dume kubwa, likishatolewa manyoya, lilikuwa dogo mno. Robo tatu ya ule ukubwa unaotisha shambani ilikuwa manyoya na upepo.

Verna akakaa kitini, mikono ina damu, akatikisa kichwa. "Nilimpiga kulungu," akasema. "Hollis, nilimpiga kulungu ambaye hakuwepo."

Sindano ya shina la bawa ndiyo iliyopita katikati ya chungwa, na ile ya chini ya mkia ikalifikia kwa nyuma. Verna akaona na jambo jingine: ukiufuata mguu wa ndege aliyesimama wima, ukapanda nao moja kwa moja mpaka nusu ya mwili, unafika hapo hapo. Akarudia kwa kidole mara nyingi, mguu kwenda juu, mguu kwenda juu, na Hollis akala nyama yake ikiwa na matundu.

Wiki ya pili ya msimu wakaingia shamba la mzee Lyle kabla jua halijatoka. Hollis alimfuata bila bunduki, kama mbebaji, na kwa sababu alitaka kuona. Wakafunga kibanda chao cha kitambaa cha kujifichia chini ya mteremko, wakasimika bata mzinga wa bandia, kijana wa kiume, wa kumtia wivu mwenye eneo. Mzee Lyle alikuwa ameshatoka. Alisimama kwenye ua wa seng'enge akiwa na mbwa wake kwenye kamba, na kila aliyemwona alijua mbwa ameletwa kwa kazi gani.

"Anatuombea mabaya," Hollis akanong'ona.

"Anajiandaa. Ningekuwa yeye ningemleta pia."

Kulipopambazuka, madume yakalia huko juu ya mialoni, na Verna akajibu kwa mdomo wake, polepole, kama jike mwenye uvivu. Moja likaja kimya. Tena likaja jua likiwa limeshapanda, wakati Hollis ameanza kusinzia, dume zito lenye ndevu za kugusa majani. Lilipomwona yule kijana wa bandia, likavimba. Mkia ukafunguka, mabawa yakakwaruza ardhi, kichwa kikawa chekundu na cheupe na buluu. Likajaza malisho yote, na liko karibu kama ng'ambo ya sebule.

"Piga," Hollis akapumua sikioni mwake.

Verna hakupiga. Alikuwa anatazama manyoya na upepo.

Dume likageuka kumpa kisogo kijana wa bandia na kibanda pia, mkia umesimama, kichwa kimefichika nyuma yake. Hapo haliwezi kumwona mtu anayejongea. Verna akavuta upinde mpaka shavuni. Sasa lile tundu chini ya mkia lilikuwa wazi mbele ya kigumba chake, na sindano ya jikoni ilishamwonyesha kwamba hiyo nayo ni njia ya kufika kwenye chungwa.

"Hapo hapo. Mama, hapo hapo."

Lakini mbele ya ndege, kwenye mstari ule ule, farasi jike wa kahawia alikuwa ameingia malishoni na mtoto wake wa wiki moja, wanakula majani. Mshale ukikosa, au ukipita, unakwenda kwao. Verna akashikilia. Upinde uliolegezwa ambao kila mtu aliucheka ulimruhusu kushikilia, ingawa bega lilianza kuwaka na jasho likamteremkia jichoni. Hollis alitazama farasi, akaelewa, akafunga mdomo wake, jambo ambalo mimi nilisimuliwa na yeye mwenyewe na bado sijalisadiki.

Dume likamzunguka kijana wa bandia taratibu. Farasi wakaonekana nyuma yake, kisha kando, kisha mbali na mstari. Likampa Verna ubavu, kama lile la mwaka juzi, limevimba vile vile, zuri vile vile. Mkono ulitaka kuachia. Alisema baadaye kwamba mkono ulimsihi. Badala yake akagonga ulimi kwenye kaakaa, mara moja, sauti kavu ya jike aliyeshtuka.

Dume likashusha manyoya yote. Shingo ikanyanyuka, mabawa yakabana, ndege akasimama wima, mwembamba, akisikiliza. Verna akaushika mguu kwa jicho, akapanda nao, mguu kwenda juu, hadi kwenye shina la bawa, na akaachia.

Mshale ulitoa mlio wa kitabu kinachofungwa. Dume likaanguka pale pale liliposimama. Bawa likapiga ardhi mara mbili, na likatulia.

Yule farasi jike alinyanyua kichwa, akatafuna, akarudi kwenye majani yake. Mtoto wake hakunyanyua hata kichwa.

Hollis alitoka kibandani akiwa amepiga magoti maana miguu ilikuwa imekufa ganzi, akacheka huku anatambaa. Verna alibaki ndani kidogo. Furaha ilikuwa imempanda, furaha safi, isiyo na doa la kuonea haya. Kisha akatoka, akapiga magoti karibu na ndege, akaweka kiganja juu ya kifua chake na kukuta kimya kamili. Akasema, "Ahsante," na machozi yakamtoka mbele ya watu na hakuyafuta.

Mzee Lyle akaja na mbwa wake. Mbwa akanusa, akazunguka, akakaa chini, hana kazi. Mzee aliinama akapapasa manyoya kwenye shina la bawa, akaona mshale ulipoingia, akatazama majani pande zote akitafuta damu ya mbio.

"Alikwenda mpaka wapi?" akauliza.

"Hakwenda, Bwana Lyle. Hapo ulipomkuta ndipo alipokuwa."

"Nilikuona umevuta, halafu hukupiga. Nikasema huyu mama ameishiwa nguvu."

"Farasi wako alikuwa nyuma yake. Na mtoto."

 Mzee aligeuka akamtazama yule jike wa kahawia, akamtazama Verna, akavua kofia kama ile jioni ya mlango wa jikoni, ila safari hii alikuwa anatabasamu na hakujua aifanyie nini hiyo kofia.

"Basi yameisha," akasema. "Geti liko wazi kwako, Bi Verna. Mwakani uje, usibishe hodi."

Verna akajipangusa uso kwa mkono wa koti. Akalishika dume miguu, akalitupa begani, lile bega zima, akajiweka sawa.

"Mwakani?" akasema. "Sheria inanipa ndege wa pili, Bwana Lyle. Kesho alfajiri nitakuwa hapa."